Namna ya Kutafuta Maana na Asili ya Maneno ya Kale ya Kiingereza

Msomaji wa Afrika Mashariki hukutana na Kiingereza cha zamani mara nyingi kuliko anavyodhani. Kimo katika mikataba ya pango, katika tamthilia za Shakespeare zinazosomwa shuleni na vyuoni, na katika Biblia ya King James ya mwaka 1611 ambayo wahubiri wengi bado wanainukuu. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kulichunguza neno la aina hiyo mpaka ujue mambo mawili: lilimaanisha nini kwa yule aliyeliandika, na lilifikaje katika Kiingereza.

Maneno yanayoonekana mageni hayana hatari kubwa. Ukikutana na “quoth” au “betwixt” utasimama, utafungua kamusi, na jambo litakwisha. Hatari imo katika maneno ambayo unaamini unayajua. Katika Marko 6:25 ya Biblia ya King James, binti anaomba apewe kichwa cha Yohana Mbatizaji “by and by in a charger”. Kijana wa leo anajua “charger” kuwa chaja ya simu, na “by and by” kuwa baadaye kidogo. Lakini mwaka 1611 “charger” ilikuwa sahani kubwa ya kuandalia nyama, na “by and by” ilikuwa sasa hivi, bila kukawia. Biblia ya Kiswahili ya Muungano inatumia hapo neno “kombe”, ambalo nalo lilikuwa sahani kubwa, ingawa siku hizi wengi wakilisikia hufikiria Kombe la Dunia. Mikataba nayo ina mitego yake. Nyumba inapoitwa “the demised premises”, hakuna aliyefariki: “demise” ni neno la Kifaransa cha mahakamani lililomaanisha kukabidhi mali kwa mtu mwingine, na maana ya kifo ilizaliwa baadaye kwa sababu mfalme alipokufa mamlaka yake yalimpitia mrithi.

Uliza mwaka kabla ya kufungua kamusi

Hatua ya kwanza ni kujua sentensi uliyo nayo iliandikwa mwaka gani. Mzungumzaji wa Kiswahili anao mfano wa karibu wa umuhimu wa jambo hili. Mwaka 1969 Mwalimu Julius Nyerere alichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare inayohusu mfanyabiashara wa Venice, akaiita “Mabepari wa Venisi”. Neno “bepari” lilitoka katika lugha za India likiwa na maana ya mfanyabiashara tu. Lakini kufikia mwaka huo, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, lilikuwa limekwisha kubeba maana ya mwenye mtaji anayeishi kwa jasho la wengine. Atakayelisoma jina hilo bila kuuangalia mwaka atakosa nusu ya uzito wake.

Historia ya Kiingereza hugawanywa katika vipindi, na mgawanyo huo una faida kwa mchunguzi kwa sababu kila kipindi kina kamusi yake. Kiingereza cha Kale kinaanza na makabila ya Kijerumani yaliyohamia Uingereza katika karne ya 5, na kinafikia takriban mwaka 1100. Kiingereza cha Kati kinaanzia hapo, baada ya Wanormani wa kaskazini mwa Ufaransa kuiteka nchi mwaka 1066 na kukifanya Kifaransa kuwa lugha ya watawala, hadi takriban mwaka 1500; mwishoni mwa kipindi hicho, mwaka 1476, William Caxton alileta mtambo wa kuchapa vitabu Westminster. Karne mbili zinazofuata, za Shakespeare na Biblia ya King James, ndizo zinazowasumbua wasomaji wetu zaidi, kwa sababu maneno yake yanafanana mno na ya leo.

Tazama jinsi maana zinavyohama. “Nice” lilitoka katika neno la Kilatini “nescius”, yaani asiyejua, na lilipoingia katika Kiingereza kupitia Kifaransa lilimaanisha mpumbavu. Likapitia maana ya mtu mwenye kuchagua mno, na ya jambo linalohitaji uangalifu, ndipo likafika kwenye uzuri wa sasa. “Silly” lilisafiri kinyume chake: katika Kiingereza cha Kale lilikuwa mwenye heri, kisha asiye na hatia, kisha wa kuhurumiwa, na mwisho mjinga. “Girl” katika Kiingereza cha Kati aliweza kuwa mtoto yeyote, wa kike au wa kiume. “Deer” alikuwa mnyama yeyote, na ndiyo maana katika “King Lear” panya wadogo na wakubwa wanahesabiwa miongoni mwa “small deer” bila mzaha wowote. “Meat” kilikuwa chakula cha aina yoyote: Mwanzo 1:29 inasema mimea na matunda yatakuwa “meat” kwa wanadamu, na mfasiri wa Kiswahili ameandika hapo “chakula”.

Mfano huo wa mwisho unaonyesha kifaa ambacho msomaji wa Kiswahili anacho nyumbani na pengine hajawahi kukitumia kwa kazi hii. Unaposhuku neno la Biblia ya King James, fungua aya hiyohiyo katika Kiswahili. Wafasiri wake walikuwa wakitafuta maana ya maandiko ya kale yenyewe, hivyo neno la Kiingereza lililobadilika maana halikuwafunga. Katika 2 Wathesalonike 2:7 kuna maneno “he who now letteth will let”, ambayo kwa Kiingereza cha leo yangehusu mtu anayeruhusu. Kiswahili kinasema “azuiaye”. Katika 1 Wathesalonike 4:15 walio hai hawata-“prevent” wale waliolala mauti; Kiswahili kinasema hawatawatangulia, kwa kuwa neno hilo limejengwa kwa Kilatini “prae”, mbele, na “venire”, kuja. Zaburi ya 23 inasema “I shall not want”, na watoto wengi wanaoikariri kwa Kiingereza hudhani maana yake ni kwamba hawatataka kitu. Kiswahili kinasema “sitapungukiwa na kitu”, na hiyo ndiyo maana ya zamani ya “want”. Kipimo hiki hakithibitishi asili ya neno, lakini kinakuambia haraka kama shaka yako ina msingi.

Soma tahajia kama walivyoiandika

Kabla ya kulitafuta neno, hakikisha umelisoma sawasawa. Katika vitabu vilivyochapwa hadi karne ya 17, herufi u na v zilikuwa herufi moja yenye maumbo mawili: v iliwekwa mwanzoni mwa neno na u penginepo, kwa hiyo “vpon” ni “upon” na “haue” ni “have”. Vivyo hivyo i ilifanya kazi ya j, na “ioy” ni “joy”. Herufi s mwanzoni au katikati ya neno ilichapwa ndefu, ſ, ikifanana na f, hadi karibu na mwaka 1800. Mashine za leo za kusoma vitabu vya zamani hukosea hapo, na atakayetafuta idadi ya matumizi ya neno katika hifadhi kubwa za vitabu za intaneti atakuta “beft” mahali palipoandikwa “best”. Herufi þ, iliyosimamia sauti ya “th”, ilifanana na y katika mikono ya waandishi wa mwisho, na wachapaji waliokosa umbo lake wakatumia y. Hivyo “ye” iliyo kwenye vibao vya maduka yanayojifanya ya kale ni “the”, na hutamkwa hivyo.

Viambishi vichache vitakuokolea muda. Mwisho wa “-eth” katika kitenzi, kama “witnesseth” ya mikataba, ni sawa na “-s” ya leo. Maneno yanayoanza na “there-” na “where-” huunganisha kihusishi nyuma yake: “thereof” ni “ya hicho kilichotajwa”, na “whereof” ni “ambacho kwacho” au “ambayo yake”, kulingana na sentensi. Angalia pia kwamba “wherefore” huuliza sababu. Juliet anapouliza “wherefore art thou Romeo?” hamtafuti kijana kwa macho gizani, anauliza kwa nini awe Romeo, mtu wa ukoo wa maadui.

Kamusi ya historia na jinsi ya kuisoma

Kamusi ya kawaida ya mwanafunzi haiwezi kazi hii, kwa sababu inaanza na maana ya leo na mara nyingi inaishia hapo. Unahitaji kamusi iliyojengwa kwa misingi ya historia, ambayo hupanga maana kwa kufuata umri wake na kuitegemeza kila maana kwa nukuu zenye tarehe. Kubwa kuliko zote ni “Oxford English Dictionary”. Chama cha wanafilolojia, yaani wachunguzi wa lugha na maandishi, cha London kilianza mpango wake mwaka 1857, James Murray akawa mhariri mwaka 1879, sehemu ya kwanza ikatoka 1884, na kazi ikakamilika 1928, miaka 13 baada ya Murray kufariki. Nukuu zake zilikusanywa na wasomaji wa kujitolea waliopeleka vikaratasi kwa posta, kila kimoja kikiwa na neno, sentensi, kitabu na mwaka. Toleo linalohaririwa sasa katika intaneti ni la kulipia, lakini maktaba nyingi za vyuo vikuu hulilipia kwa niaba ya wasomaji wao, kwa hiyo muulize mkutubi kabla ya kukata tamaa. Mabuku ya toleo la kwanza hayana tena hakimiliki na yanapatikana bure katika Internet Archive, maktaba ya intaneti. Ni ya zamani, na baadhi ya tarehe zake zimekwisha kupitwa na uchunguzi mpya, ila kwa neno la Shakespeare bado yanatosha sana.

Kwa Kiingereza cha Kati kuna “Middle English Dictionary” ya Chuo Kikuu cha Michigan, iliyokamilika mwaka 2001, na kwa Kiingereza cha Kale kuna kamusi ya Bosworth na Toller. Zote mbili husomwa bure. Kwa maneno ya vijijini ambayo hayakuwahi kuingia katika Kiingereza sanifu, kamusi ya lahaja ya Joseph Wright, iliyotoka kati ya 1898 na 1905 katika mabuku sita, haina mshindani. Francis Grose alikusanya maneno ya mitaani na ya wezi mwaka 1785. Kamusi ya Samuel Johnson ya 1755 ina raha yake, na inafaa kukuonyesha msomi wa karne ya 18 alilielewaje neno. Asili anazozitaja, hata hivyo, usizichukue bila kuzihakiki, kwa kuwa elimu ya kulinganisha lugha ilikuwa haijazaliwa. Tovuti ya Etymonline ya Douglas Harper ni mahali pazuri pa kuanzia kwa sababu hutoa muhtasari na tarehe kwa haraka, mradi usiishie hapo.

Ukifungua kidahizo, yaani neno linaloelezwa, katika kamusi ya Oxford, usikimbilie fasili, yaani maelezo ya maana. Anza na alama. Alama ya msalaba mdogo kando ya neno au kando ya maana moja inasema kwamba matumizi hayo yamekufa. Herufi “a” kabla ya mwaka, kama “a1300”, ina maana kwamba andiko halikuchelewa kupita mwaka huo, na “c” ina maana ya takriban. Nyota kabla ya neno katika sehemu ya asili inaonyesha umbo ambalo halijawahi kuonekana popote kwa maandishi, bali wanaisimu wamelijenga kwa kulinganisha lugha dada. Wengi hunukuu maumbo hayo ya nyota kana kwamba yalichongwa kwenye jiwe. Kisha soma nukuu zote za maana unayoichunguza, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Nukuu ya mwisho ina faida kama ya kwanza: ikiwa maana haina nukuu baada ya 1650 na maandishi yako ni ya 1820, basi umeichagua maana isiyofaa.

Rudi sasa kwenye “let”. Utakuta vidahizo viwili. Kimoja kinatokana na kitenzi cha Kiingereza cha Kale “lǣtan”, kuacha au kuruhusu; kingine kinatokana na “lettan”, kuzuia au kuchelewesha, chenye undugu na “late”. Vilikuwa vitenzi viwili vyenye sauti tofauti, lakini mabadiliko ya matamshi yaliviunganisha, na lugha ikajikuta na neno moja lenye maana mbili zinazopingana. Hali hiyo haikuweza kudumu, na cha kuzuia ndicho kilichoachwa. Kimebaki katika pembe chache: katika tenisi, ambako mpira unaogusa wavu wakati wa kuanzisha mchezo huitwa “let”, na katika pasipoti ya Uingereza inayoomba mwenyewe apite “without let or hindrance”. Pembe za namna hii, yaani michezo, sheria, sala na majina ya mahali, ndizo unazopaswa kuzipekua kila unapotafuta masalia ya neno lililokufa. “Quick” kwa maana ya aliye hai imebaki vivyo hivyo katika “the quick and the dead”, na katika “quicksilver”, jina la zamani la zebaki, madini yanayokimbia kama yana uhai.

Kupima asili

Maneno ya Kiingereza yana koo nne kubwa: la Kijerumani lenyewe, la Skandinavia, la Kifaransa, na la Kilatini na Kigiriki kupitia vitabu. Kuna ishara zinazokusaidia kukisia ukoo kabla kamusi haijathibitisha.

Ishara ya kwanza ni mfuatano wa sauti ambao mwanaisimu Mjerumani Jacob Grimm aliueleza mwaka 1822. Mahali ambapo Kilatini kina p, maneno ya asili ya Kijerumani yana f; penye t yana th; na penye sauti ya k, inayoandikwa c, yana h. Kwa hiyo “pater” ni ndugu wa “father”, “piscis” ni ndugu wa “fish”, “tres” ni ndugu wa “three”, na “cornu” ni ndugu wa “horn”. “Paternal”, kwa upande wake, imebaki na p yake kwa sababu ilikopwa karne nyingi baada ya badiliko hilo kukoma. Kanuni hii inafaa zaidi pale inapokukatalia. “Have” ya Kiingereza na “habere” ya Kilatini zina maana moja na zinakaribia kuwa na sauti moja, na kila mwanafunzi huapa kwamba ni neno lilelile. Lakini h ya Kiingereza inadai c katika Kilatini, na kweli ndugu wa “have” ni “capere”, kushika. Kufanana kwa leo hakuthibitishi kitu mpaka ujue maumbo ya zamani.

Ishara ya pili inahusu Wadenishi na Wanorwe waliofanya makazi kaskazini na mashariki ya Uingereza tangu karne ya 9. Kiingereza kilikuwa kimegeuza sauti ya “sk” kuwa “sh”, nao hawakufanya hivyo. Ndiyo maana “shirt” ni neno la nyumbani na “skirt” ni la wageni, ingawa chimbuko lao ni moja, na ndiyo maana “sky”, “skin” na “skill” ni za Skandinavia. Tahadhari: “school” ina sauti hiyohiyo lakini ilitoka katika Kilatini, ambacho kiliitoa katika Kigiriki. Wageni hao waliacha hata viwakilishi, “they” na “them”, jambo ambalo halitokei mara nyingi kwa lugha yoyote.

Kifaransa kiliingia mara mbili, kwanza kwa lahaja ya Wanormani na baadaye kwa ile ya Paris, kwa hiyo neno moja huweza kuonekana mara mbili au tatu kwa sura tofauti. “Capitale” ya Kilatini cha enzi za kati, iliyotokana na “caput”, kichwa, ilimaanisha mali. Kwa Wanormani ikawa “cattle”, ambayo ilikuwa mali ya aina yoyote kabla ya kubaki kwa ng’ombe peke yao. Kwa Wafaransa wa kati ikawa “chattel”, ambayo mawakili wetu bado wanaitumia kwa mali inayohamishika. Na kutoka Kilatini chenyewe ikaja “capital”. Mfugaji hatashangaa kusikia kwamba mali na ng’ombe vilikuwa neno moja.

Hadithi tamu na maneno yasiyokuwepo

Ukitafuta asili ya neno katika intaneti, kitakachotangulia mara nyingi ni hadithi. Inasemwa kwamba “posh”, yaani ya kifahari, ni kifupi cha “port out, starboard home”, maneno yaliyogongwa kwenye tiketi za matajiri waliosafiri kwa meli kati ya Uingereza na India, wapate vyumba vya upande wa kivuli, kushoto wakati wa kwenda na kulia wakati wa kurudi. Hakuna tiketi ya namna hiyo iliyowahi kuonekana. Inasemwa kwamba mfalme alilitawaza pande la nyama kwa upanga akaliita “Sir Loin”, na mfalme huyo hubadilika kila hadithi inaposimuliwa. Ukweli ni kwamba “sirloin” ni Kifaransa, “sur”, juu ya, na neno la kiuno. Inasemwa “sincere” ni “sine cera” ya Kilatini, bila nta, kwa sababu wachongaji wadanganyifu walificha nyufa kwa nta. “Sincerus” ilikuwa tu safi, isiyochanganywa.

Kipimo cha hadithi kama hizi ni tarehe mbili: neno lilionekana lini, na hadithi ilionekana lini. Hadithi inayochipuka miaka mingi baada ya neno, bila ushahidi wa wakati wa tukio, iache. Madai kwamba neno ni kifupi cha herufi za mwanzo yanahitaji shaka zaidi likiwa ni neno la kabla ya karne ya 20, kwani desturi ya kuunda maneno hivyo ilikuwa adimu. Mfano wa kinyume upo: “OK” kweli ilianza kama kifupi cha mzaha cha tahajia mbovu, “oll korrect”, na ilichapwa katika gazeti la Boston tarehe 23 Machi 1839. Imekubaliwa kwa sababu gazeti lenyewe lipo.

Hata kamusi hukosea. Toleo la pili la kamusi kubwa ya Webster la mwaka 1934 lilikuwa na neno “dord”, eti lenye maana ya uzito wa kitu kwa ujazo wake. Kikaratasi kilichosema “D or d”, yaani D kubwa au ndogo kama kifupi cha neno hilo la fizikia, kilisomwa kama neno moja, na kosa halikugunduliwa hadi 1939. “Syllabus” nayo ilizaliwa na kosa la kuchapa neno la Kigiriki katika barua za Cicero, mwanasiasa na mwandishi wa Roma ya kale, lakini watu waliipenda wakaitumia, na sasa hakuna anayeweza kuifuta.

Maneno yaliyopita Bahari ya Hindi

Sehemu hii ndiyo ambayo mzungumzaji wa Kiswahili ana nafasi ya kumzidi Mwingereza, kwa kuwa maneno mengi ya Kiingereza yanayoonekana ya ajabu huko yana ndugu zake hapa. “Monsoon” lilipitia Kireno kutoka Kiarabu “mawsim”, ambalo kwetu ni “msimu”. “Cipher”, ambalo zamani lilimaanisha tarakimu ya sifuri kabla ya kuwa maandishi ya siri, ni “sifr” ya Kiarabu, sawa na “sifuri”. “Tariff” lilifika kupitia Kiitaliano kutoka neno la Kiarabu la kujulisha, mzizi uleule wa “taarifa”. “Magazine” lilikuwa ghala, kutoka Kiarabu “makhazin”, mzizi wa “hazina”; ghala la risasi katika bunduki bado linaitwa hivyo, na jarida lilipata jina hilo baada ya mwaka 1731, gazeti moja la London lilipojiita ghala la habari.

Usifikie hitimisho kwamba Kiingereza kilikopa kwa Kiswahili, au Kiswahili kwa Kiingereza. Mara nyingi maneno haya ni mapacha waliolelewa nyumba tofauti: moja lilipanda Bahari ya Kati kwa wafanyabiashara wa Italia, jingine likashuka pwani yetu kwa majahazi. Mkopo wa moja kwa moja, kama “safari” lililoingia katika Kiingereza karne ya 19, unapaswa kuthibitishwa na nukuu za wasafiri wenyewe.

Kwa maneno ya India yaliyoletwa na utawala wa Kiingereza, tumia kamusi ya Henry Yule na A. C. Burnell ya mwaka 1886, iitwayo “Hobson-Jobson”, ambayo nayo husomwa bure. Humo utalikuta “chit”, karatasi fupi ya kuagizia, kutoka Kihindi “chitthi”, ndugu wa “cheti”. Utalikuta “godown”, ghala, ambalo Mwingereza wa leo halijui lakini mfanyabiashara wa Nairobi hulitaja kila siku. Na utalikuta “gymkhana”, jina la vilabu vya michezo vya Dar es Salaam na kwingineko, ambalo yaelekea ni “gend-khana”, nyumba ya mpira, lililopindwa ili lifanane na neno la Kiingereza la mazoezi ya viungo.

Kuandika ulichopata

Andika matokeo kwa mpangilio utakaoweza kuuhakiki baadaye: neno na tahajia yake ya asili, mwaka na sentensi ulikolikuta, maana kwa wakati huo, njia lililopita kutoka lugha moja hadi nyingine, na kiwango cha uhakika. Tumia ngazi tatu: imethibitishwa, yaelekea, haijulikani. Ngazi ya tatu si aibu. “Dog” limechukua nafasi ya “hound”, ambalo ndilo lililokuwa jina la kawaida la mbwa, na hakuna anayejua lilikotoka; “boy” na “girl” nayo yamo katika ubishi.

Ukifasiri, weka katika matini maana ya wakati wa mwandishi, na historia ya neno iweke katika tanbihi, kwa sababu msomaji wa tamthilia hana haja ya kusimamishwa na Kilatini katikati ya ugomvi wa wahusika. Kadi ya neno moja inaweza kusomeka hivi: “Curfew. Kiingereza cha Kati, kutoka Kifaransa cha Wanormani. ‘Couvre’, funika, na ‘feu’, moto. Kengele ya jioni ya kuwataka watu wafunike moto wa nyumbani usiunguze mji. Baadaye saa yenyewe ya kengele. Baadaye amri ya kutotoka nje usiku. Kwa Kiswahili: kafyu. Asili: imethibitishwa.”